Wakuu, nani hasa anaua urafiki kwenye safari za ughaibuni? Mimi nasema ni mwenye kadi

#1 Binti Tabata

Habari za jioni wanajamvi.

Mdogo wangu wa kike anasoma Leipzig, Ujerumani. Pasaka hii yeye na wenzake watatu, Wabongo watupu, wanataka kuzunguka: Prague, Vienna, kisha wateremke mpaka Venice. Kaniomba nimlainishe bi mkubwa, maana huku Tabata Segerea mama kakataa katakata, anasema wasichana wanatekwa huko. Mimi sina hofu ya kutekwa. Hofu yangu ni kwamba watarudi hawasalimiani.

Nilikaa Uingereza kabla sijarudi Dar. Kundi letu lilikwenda Ureno pamoja na leo hakuna anayempigia mwenzake simu. Na si sisi tu. Muulize yeyote aliyeishi nje, ana kisa chake. Watu walewale wakiwa mjini kwao wanapikiana pilau, wanasukana nywele, mmoja akiumwa mwenzake anamshikia zamu kazini. Wakipanda ndege pamoja kwenda nchi nyingine, kwisha habari.

Dai langu: anayeua ni mwenye kadi. Kila kundi lina mmoja ambaye kadi yake ya benki ina uhai. Huyo ndiye analipia ndege za wote, chumba, treni, na wenzake wanasema "tutakurudishia." Kuanzia hapo si rafiki tena, ni mdai anayelala chumba kimoja na wadaiwa wake. Akisema tulale mapema, anaonekana anatoa amri. Na wewe ukinunua viatu mbele yake, unamwona anavyovitazama. Hasemi neno, lakini macho yanapiga hesabu.

Mnasemaje?

#2 Kimara Mwisho

Nawahi siti ya dirishani. Wajuzi wanakuja.

#3 Mbeba Boksi

Dada, mimi ndiye huyo mwenye kadi. Ngoja nijitetee kabla sijahukumiwa.

Mwenye kadi hakuomba cheo, alikabidhiwa. Mkikodi gari, kampuni inataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, halafu inazuia kiasi cha dhamana mpaka gari lirudi. Pesa hiyo haijaliwa na mtu, ila huwezi kuigusa. Wenzako hilo hawalioni. Wanaona gari, wanafungulia muziki.

Tulipotoka Uswisi jamaa mmoja alinilipa deni lake kwa kumtumia mama yangu Mbagala kwa M-Pesa, tena kwa kiwango cha kubadilishia euro alichokitoa kichwani mwake. Mama akamwombea dua ndefu, akaezekea banda la kuku. Mimi huku benki inanikata riba. Nikidai tena, nitaonekana namdai mama yangu. Sasa hapo muuaji ni nani?

#4 Mzee wa Kurasini

Mleta uzi unaisingizia kadi bure. Muuaji ni pasipoti.

Chukua vijana wanne wa Kibongo wanaoishi London. Wawili wana pasi ya Uingereza, wawili wana kitabu chetu cha bluu cha Afrika Mashariki. Mwenye pasi ya Uingereza anaamka Alhamisi anasema "wikiendi hii twende Paris," kama vile anasema twende Kigamboni. Wewe wa kitabu cha bluu unatakiwa viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja. Utafute miadi, uweke alama za vidole, upeleke taarifa za benki, bima isiyopungua euro 30,000, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 na hairudishwi hata ukinyimwa. Maombi yanatakiwa yafike si chini ya siku 15 kabla ya safari. Alhamisi gani hiyo?

Kundi la mpwa wangu lilikata tiketi za treni kwanza, viza ikafuata. Ya mmoja haikutoka kwa wakati. Watatu wakaenda, wakawa wanamtumia picha za mnara wa Eiffel kwenye grupu wakidhani wanamchangamsha. Akajitoa kwenye grupu usiku uleule. Tiketi yake alikuwa kalipa mwenyewe, tena taslimu. Kadi hapo imeingiaje?

#5 Chapati Maji

Mzee, mbona mimi niliambiwa ukiwa na ukaazi wa Uingereza unapita Ulaya yote bila viza?

#6 Dada wa Dresden

Chapati Maji, aliyekuambia hivyo alikuwa anakuuzia kitu. Uingereza haijawahi kuwemo Schengen, hata enzi zile iko Umoja wa Ulaya. Ireland imo kwenye Umoja, Schengen haimo. Uswisi ni kinyume chake.

Mdogo wake mleta uzi yuko pazuri. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, na Czech, Austria na Italia zote zimo. Ila abebe kibali PAMOJA na pasipoti. Siyo picha kwenye simu, pasipoti yenyewe.

Narudia kwa sababu hilo ndilo lililotuvunja sisi. Tulikuwa tunarudi kutoka Prague kwa basi la usiku. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na kwenye barabara ya A17 polisi wanapanda ndani ya basi. Taa zikawashwa, watu wanajifuta mate. Mwenzetu akatoa kibali kwa madaha kabisa. Polisi akamwomba pasipoti. Ipo nyumbani, kwenye droo. Akashushwa na begi lake, nje ukungu, mguuni ana ndala maana viatu alivivua ili alale. Dereva anasema ana ratiba. Sisi watatu tukabaki tunatazamana.

#7 Kipanga wa Keko

MLIMWACHA? Jibu hilo kabla hujaandika kingine.

#8 Dada wa Dresden

Wawili walibaki kitini. Mimi nilishuka.

Alfajiri mwenye nyumba wake aliingia chumbani kwake, akapiga picha pasipoti, akaituma, wakamwachia. Wale wawili hoja yao mpaka leo ni kwamba kushuka kwangu hakukusaidia kitu, polisi ana shida na yeye si na mimi. Ni kweli, sikusaidia kitu, nilikaa kwenye benchi nimemshikia begi. Yule aliyeshushwa hataki kuwasikia kabisa. Lakini hata mimi kanipunguza, na sijui kosa langu. Labda ni kwa sababu nilimwona akilia.

#9 Kipanga wa Keko

Duh. Endeleeni, nasoma.

#10 Mwana Guangzhou

Nimesoma China, nyongeza yangu hii hapa.

Hong Kong ni China kwenye ramani, lakini kwa uhamiaji ukivuka kutoka Shenzhen umetoka nchini. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ndiyo imekwisha hivyo. Mwenzetu alikuwa na X2, ile ya masomo ya muda mfupi. Sisi wengine tuliingia na X1, ambayo ndani ya siku 30 unaibadilisha kuwa kibali cha ukaazi, kwa hiyo tunatoka na kurudi tutakavyo. Hakuna aliyemuuliza ana viza gani. Na yeye aliona tukizungumzia safari kama jambo jepesi, akaona haya kuuliza. Wakati wa kurudi sisi tukapita, yeye akazuiwa. Ikabidi aombe viza upya akiwa kulekule, kwenye mji ambao siku chache za kulala zinakula kodi yako ya miezi Mwananyamala.

Tulimchangia? Baadhi yetu. Kidogo.

Kwa hiyo Mzee wa Kurasini yuko karibu na ukweli, ila mimi naona pasipoti haina kosa. Kosa ni kuona haya. Mbongo yuko radhi akwame mpakani kuliko aonekane hajui.

#11 Ustadhi wa Magomeni

Assalam alaykum. Jambo hili lina mafundisho yake siku nyingi. Watu watatu wakitoka safarini, wamteue mmoja wao awe amiri, yaani kiongozi wao. Hadithi hiyo ipo kwa Abu Daud. Nimekwenda Umra na kundi kubwa, kuna vikongwe, kuna wagonjwa wa sukari, na hatukupata ugomvi wa maana, kwa sababu amiri akisema basi linaondoka basi linaondoka. Nyinyi mko wanne, maamiri wanne.

#12 Chapati Maji

Ustadhi, sisi hatukuwa tunakwenda kuswali. Tulikuwa tunakwenda kula bata Ibiza.

#13 Ustadhi wa Magomeni

Huko ndiko amiri anahitajika zaidi.

#14 Mpangaji wa Sinza

😂😂 #13 uzi ufungwe.

#15 Kondakta Mstaafu

Mmezungumza vizuri ila wote mmeongelea wakaazi kwa wakaazi. Mmewasahau wanaotoka Dar kwenda kuwafuata marafiki huko na kuunganishwa kwenye safari. Huyo ndiye bomu.

Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo. Rafiki yangu wa utotoni Temeke yuko Cologne. Nikatua, siku ya pili yeye na wenzake wanakwenda Hamburg, nikaingizwa. Wao wana ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023 ikapanda 58 mwaka 2025. Tiketi hiyo kwa safari ndefu inakupandisha treni za mikoani tu, zile zinazosimama vituo vingi. Mimi nikaona treni nyeupe ya mwendo kasi inapita, nikasema si tupande hii? Wakacheka. Tulibadilisha treni mpaka nikasahau majina ya vituo. Mchana wakatoa mikate yao kwenye vikopo wanakula. Mimi nikawa nasubiri tushuke kwenye hoteli.

Kichwani mwangu mtu anayeishi Ulaya ni tajiri. Kichwani mwao mtu aliyelipa nauli ya ndege kutoka Dar ndiye tajiri. Kila mmoja akawa anasubiri mwenzake atoe pochi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini pale Hamburg wote ni wageni, jembe anampa nani?

#16 Mbeba Boksi

Kondakta umeupiga mwingi. Watu wa Dar wanakuja na begi tupu na orodha ya viatu vya ukoo mzima.

#17 Kondakta Mstaafu

Begi langu halikuwa tupu. Nilibeba dagaa wa Kigoma na unga. Na nyama mlizokuwa mnaniagiza nilikataa kubeba, maana nyama na maziwa kutoka huku hawaruhusu kuingiza. Samaki wana ruhusa yao. Dagaa mliwamaliza kwenye treni, behewa zima likahama.

#18 Mpangaji wa Sinza

Naomba kupingana na wote kwa heshima.

Kadi, pasipoti, haya, amiri, hivyo vyote ni vya juujuu. Nimeishi Sweden kabla ya kurudi. Mtu anayeishi peke yake kule anabadilika bila kujijua. Ana kikombe chake kimoja, ana upande wake wa kitanda, ana saa yake ya kuoga, hasemi na mtu mpaka amalize kahawa. Mkiwa mjini mnakutana Jumamosi, mnacheka, mnakula, kila mtu anarudi kwake. Mnadhani ni marafiki wa kushibana. Kumbe mnajuana Jumamosi tu.

Safari ndiyo inakuonyesha Jumanne ya mtu. Mimi nililala chumba kimoja na rafiki yangu huko Copenhagen, yeye anataka dirisha wazi usiku, nje baridi kali. Mimi nataka joto. Nikifunga, anaamka anafungua. Hatukusemezana, ilikuwa vita ya dirisha mpaka asubuhi. Asubuhi akaniuliza mbele ya wenzetu kwa nini nakoroma. Huo urafiki haukuuawa na safari, haukuwepo.

#19 Mzee wa Kurasini

Mpangaji, hiyo hoja ni tamu lakini haisimami. Sisi enzi zetu tulilala bwenini watu wanane, dirisha moja, na marafiki wangu wa bweni ndio watakaonizika. Kwa maelezo yako wale wangekuwa maadui.

#20 Mpangaji wa Sinza

Mzee, bwenini hamkuchaguana. Na mlikuwa hamna mlichozoea kwenu cha kupoteza.

#21 Wakala Kariakoo

Mimi ni mtu wa miamala, acha niongee kimiamala.

Wabongo tunachangisha harusi mamilioni kwa kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, ahadi zinaandikwa, na asiyetoa anasomwa jina kikaoni. Halafu watu haohao wakienda Ulaya wanne wanaanza "kata tu tiketi tutaelewana." Mtaelewana na nani? Fanyeni kikao. Kila mtu aweke mchango wake kabla ya tiketi ya kwanza, pesa zikae sehemu moja, kila risiti ipigwe picha. Asiyechanga haendi.

#22 Mbeba Boksi

Wakala, wewe kamati za harusi unazisikia redioni? Mimi nimeona mwenyekiti na mtunza hazina wanagombania kreti za bia zilizobaki ukumbini.

#23 Wakala Kariakoo

Lakini harusi ilifanyika!

#24 Binti Tabata

Nashukuru kwa michango wakuu. Nimempigia mdogo wangu nimemsomea. Anasema wao wamemaliza tatizo: kila mtu analipa chake mwenyewe, hakuna kukopeshana. Kwa hiyo hakuna mwenye kadi.

#25 Dada wa Dresden

Hilo nalo lina mtego wake. Nauli za mabasi na ndege za bei chee zinapanda kadiri viti vinavyojaa. Wa kwanza atakata leo kwa bei ya kutupa, wa nne atasubiri mshahara wa kazi ya wikiendi, akute imepanda maradufu au basi limejaa. Ataanza kusema "mngenisubiri." Hapo deni la pesa halipo, ila lawama ipo.

Pia mwambie Venice siku hizi ina kiingilio. Walianza Aprili 2024, kwa siku maalumu za msimu, euro 5 kwa mtu anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo, na mwaka 2025 anayechelewa kulipia alitozwa 10. Anayelala ndani ya manispaa yao halipi, na Mestre upande wa bara, kwenye vyumba vya bei nafuu, ni manispaa hiyohiyo. Ila lazima ajisajili mapema apate msimbo wa msamaha. Na namba ya dharura nchi zote hizo ni 112, mpe mama aiandike ukutani, atalala usingizi.

#26 Binti Tabata

Hiyo ya 112 nimempa mama sasa hivi. Kaniuliza ukipiga kutoka Segerea inaita?

#27 Kipanga wa Keko

Inaita, anapokea polisi wa hapahapa 😂

#28 Kimara Mwisho

Nimesoma kurasa zote nimeona nichangie, maana mmeongea mambo makubwa makubwa mkaacha madogo. Mimi naona urafiki unauawa na chakula. Siyo gharama ya chakula. Ile namna ya kukigawa.

Lisbon, mgahawani. Mmekaa tu hamjaagiza, mhudumu anaweka mezani mkate, zeituni, siagi, kijibini kidogo. Kwetu ukiwekewa kitu mezani hujaomba umekaribishwa. Kule si bure. Usipogusa hulipi, ukigusa inaandikwa. Sisi tukagusa. Bili ikaja ina mistari tusiyoielewa. Kuna binti mmoja akatoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza: wewe hukunywa, wewe ulikula wali wa samaki, sasa zeituni nani kala? Watu kimya. Akauliza tena, nani kala zeituni? Jamaa mmoja akasema yeye kala mbili tu. MBILI. Mbegu zipo kwenye kisahani, binti anazihesabu kwa ncha ya uma, moja moja, mhudumu kasimama pembeni na mashine ya kadi mkononi.

Ilikuwa pesa ya soda. Lakini pale mezani ndipo tulipomalizana. Tulivyorudi kila mtu akachukua basi lake.

#29 Chapati Maji

Kuhesabu mbegu 😂😂😂 huyo binti sasa hivi atakuwa mkaguzi wa hesabu za serikali.

#30 Binti Tabata

Mkuu Kimara, subiri kidogo. Huo mgahawa ulikuwa kwenye ngazi, karibu na pale tramu ndogo ya njano inapokata kona? Na kuna mmoja wenu mlikuwa mnamwita Katibu?

#31 Kipanga wa Keko

EEEH. Jamani leteni mikeka.

#32 Mbeba Boksi

Binti Tabata, kwenye #1 ulisema Ureno. Na kikokotoo alishika nani? Naona macho yanapiga hesabu hapa.

#33 Binti Tabata

Mimi sijasema nilishika kikokotoo. Nimeuliza swali tu. Na kama ni meza ninayoifahamu mimi, aliyekula hakula mbili.

#34 Wakala Kariakoo

Hii ni chai. Mmepanga hawa wawili.

#35 Mwana Guangzhou

Mpaka sasa tuna: kadi, pasipoti, haya, kukosa amiri, mgeni kutoka Dar, Jumanne ya mtu, kukosa kamati, na zeituni. Nani anaongeza?

#36 Mzee wa Kurasini

Usiiweke pasipoti sawa na zeituni, kijana. Na mkitaka kuona uzito wake, tazameni waliobadilisha uraia. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua pasi ya Uingereza akija kumsalimia mama yake Ilala anaingia kama mtalii. Mwaka 2025 wameleta hadhi maalumu kwa watu wa asili yetu, lakini hadhi maalumu siyo uraia. Sasa mchukue huyo asafiri na aliyebaki na kitabu cha bluu. Kwenye foleni nyingi za viwanja vya ndege wanatenganishwa. Mmoja kapita dakika mbili kakaa kwenye kahawa, mwenzake bado anaulizwa una shilingi ngapi mfukoni. Mara ya kwanza anamsubiri. Mara ya nne anamtumia ujumbe: "nimetangulia hotelini."

#37 Chapati Maji

Mzee usitupeleke kwenye uraia pacha, uzi utahamishiwa kwenye siasa.

#38 Mpangaji wa Sinza

Ila hiyo ya "nimetangulia hotelini" inauma. Nimeiona kwa macho.

#39 Dada wa Dresden

Kwa faida ya wengine: mfumo wa kuingia Schengen umebadilika, walianza Oktoba 2025 kuchukua alama za vidole na sura badala ya kugonga muhuri, kwa wageni wa muda mfupi. Wenye vibali vya ukaazi kama mdogo wake Binti hawamo humo. Mwende na subira mnaokuja kutembea kutoka Dar, foleni zilirefuka.

#40 Ustadhi wa Magomeni

Foleni ya Makka mnaijua nyinyi?

#41 Kondakta Mstaafu

Hakuna aliyegusia saa. Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, usiku uleule Ulaya walipopeleka saa mbele. Simu zinajibadilisha zenyewe, ila kuna jamaa yangu yeye ni mtu wa saa ya mkononi, ya urithi, baba yake alivaa bandarini. Wakamsubiri kituoni. Treni ikaondoka na mabegi yake, yeye anakuja anatembea taratibu na kikombe cha chai, anajiona kawahi. Mpaka leo anasema wao ndio walioondoka mapema.

#42 Mbeba Boksi

Huyo namuunga mkono kwa asilimia mia. Dar saa haihamishwi na watu wanachelewa vilevile.

#43 Kipanga wa Keko

Tusihamishe mada. Kimara Mwisho yuko wapi? Katoa bomu kapotea.

#44 Wakala Kariakoo

Kaenda kuhesabu mbegu.

#45 Chapati Maji

Swali la pembeni wakuu: na kama mwenye kadi ni mke wangu? Tunakwenda Uturuki na rafiki zake wawili.

#46 Mbeba Boksi

Pole mkuu. Usinunue viatu.

#47 Kimara Mwisho

Nipo jamani, nilikuwa nimebanwa kwenye basi la mwendokasi, simu mfukoni siwezi hata kunyanyua mkono. Nimeona mmenitaja sana. Kuna nini?

#48 Binti Tabata

Jibu #30.

#49 Kimara Mwisho

Kwanza tujibu hili: mkate ulikula nani?